Barua ya Kumi na Saba

Sanduku lake nililifungua Jumatatu, theluji imeziba dirisha.
Harufu ya kwanza, kafuri. Ya pili, wino.
Chini ya soksi za sufu, daftari arobaini na moja,
kila moja limefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.

Shangazi Orpha Tuttle, binti wa mlinda milango ya maji
pale mfereji unapoingia Oswego,
alijifunza kusoma kinyumenyume:
umri miaka kumi na miwili, kiti kirefu,
karakana ya chapa ya Bwana Gilchrist,
vidole vikiokota herufi za risasi
kama kuku adonoavyo mtama,
kila neno likianzia mkiani,
kila jina la mtu likitazama nyuma.
"Dunia," alikuwa akisema, "niliijulia mgongoni.
Ikabidi niende nikaione uso."

Akaenda. Dola mbili kwa safu moja ya gazeti,
sahihi yake O. Tuttle, basi,
na wasomaji wa Ohio wakamwandikia: Mheshimiwa Bwana,
wakimuuliza wembe gani unafaa safarini.
Akawajibu. Aliwapa hadi jina la duka.

Kutoka Bergen aliandika bei ya samaki wa chumvi,
na jinsi wajane wa kule wanavyokaza fundo la kitambaa.
Kutoka Smirna aliandika mbu.
Milima hakuipenda. "Iko palepale," alisema, "haina habari."
Alipenda majiko, forodha, foleni,
mtu anayehesabu chenji mara mbili.
Macho hayana pazia; yake nadhani hayakuwa hata na kope:
katika barua nzima ya Lisbon hajalala.

Lakini nilitaka kusema juu ya ile ya kumi na saba.
Ndiyo waliyoikata gazetini wakaibandika ukutani,
ndiyo aliyoisoma mchungaji Wadhams mimbarini:
Ragusa alfajiri, kuta zikichomoza majini kama meno ya mtoto,
muuza tini kiwete anayeziimba bei zake,
na kengele yenye ufa
ambayo mji mzima umekataa kuibadilisha.
Kanali mmoja wa Vermont aliapa kwamba alifika,
akamwona yule muuza tini, akampa sarafu.

Daftari la siku hizo ninalo mkononi.
Trieste. Homa.
Trieste. Homa. Kwinini.
Mke wa mwenye nyumba kaniletea supu, kakataa pesa.
Mhariri anataka Ragusa kabla ya meli ya Ijumaa.
Dirisha langu linatazama ukuta.

Basi. Hakufika.
Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema.
Ya shangazi ilikuwa hatua sita, kitandani hadi mezani,
blanketi mabegani, meno yakigongana,
nayo ikafika mbali kuliko nyayo zake zote.

Nilitaka kukasirika. Nilikaa na daftari magotini
mpaka moto ukafifia.
Babu yangu alikuwa akichechemea.
Mguu ulibanwa na lango la maji mwaka wa kipindupindu,
na namba za mashua aliziita kwa wimbo, sauti ya puani,
nyumbu wakizijua kuliko wenye nyumbu.
Kengele ya kanisa letu ilipasuka kwa baridi
kabla sijazaliwa. Bado inalia vilevile, kama sufuria.
Mara mbili watu walichanga fedha za kununua mpya,
mara mbili wakanunua makaa ya mawe.

Tini hatukuwa nazo. Hizo sijui alizitoa wapi.

Uzeeni, macho yalipoingia ukungu,
alikuja karakanani kwangu kila Alhamisi,
akapapasa ukurasa wa risasi kabla sijautia wino,
kidole kimoja, polepole, kutoka kulia.
"Hapa umepanga *nyumbani* mara mbili," aliniambia.
"Toa moja."
Nikatoa.
Sikumbuki ipi.